Bibiarusi na Wadudu wa Masista

Kitandililo, Makambako
2 Juni 2024

Dada Hilda,

Kamwene. Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatutafuna. Masikio yako yalivyokataa simu watu wanakuonea huruma, mimi hapana, mimi nashukuru. Kwenye simu ulikuwa unanikatisha kila saa. Kwenye karatasi nani atanikatisha? Hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, yule mwenye pengo, ataiacha hapo Njombe kwa masista unapopika.

Nianze na Bibiarusi. Usishtuke, hakuna harusi. Ni nguruwe wangu, yule jike niliyemchukua kwa Oliva akiwa mtoto. Nimempa hilo jina kwa sababu kila ukimtazama anataka mume. Dada, nyuma kumevimba, kumekuwa kwekundu kama nyanya, analia, anaparamia ukuta wa banda. Ukimwona unasema huyu yuko kwenye joto, apandishwe leo leo. Basi namwita Baba Eveline. Si unamkumbuka, Ezekieli fundi milango, Mlutheri, yule aliyefiwa na mkewe mwaka wa mvua ya mawe. Ana dume anaitwa Meja. Anamleta mwenyewe kwa miguu kutoka ng'ambo ya reli, polepole, wanatembea kama wazee wawili wanaotoka ibadani. Desturi unaijua: jike akizaa, mwenye dume anachagua mtoto mmoja. Asipozaa hakuna kitu, anarudi na mikono yake.

Sasa hazai. Meja anapanda, anashuka, tunasubiri, siku kidogo tu Bibiarusi huyo tena ukutani, na mimi huyo tena natuma mtu ng'ambo ya reli. Toka Kwaresima huo ndio mchezo wetu.

Asubuhi za siku hizi ukungu unalala chini mpaka banda hulioni. Unasikia kwanza miguu ya Meja kwenye majani. Halafu kikohozi. Halafu inatokea kofia peke yake, inaelea tu, halafu mabega, halafu mtu mzima anakamilika kidogokidogo mbele ya geti. Mimi nasimama mlangoni namwangalia anavyokamilika. Wakishamaliza kazi yao nampa togwa, anakaa kwenye gogo anashika kikombe kwa mikono miwili. Hasemi sana. Nasema mimi kwa niaba ya wote.

Watu hapa wameanza: Bibiarusi tasa, mchinje. Oliva mwenyewe aliyenipa anasema hivyo, tena bila aibu. Mimi sitaki. Ni mnyama mwenye macho ya kumsikiliza mtu. Nataka nimwone ananyonyesha watoto wake, basi. Hapo kwa masista kuna nguruwe wengi, hebu niulizie.

Mdogo wako,
Getruda, Mama Jastin

Njombe
9 Juni 2024

Getu,

Barua imefika, imenuka moshi. Nimemuulizia Sista Fidelia, ndiye anayeangalia mabanda hapa. Kabla sijamaliza akauliza: anakula nini? Nikasema namjua mdogo wangu, mahindi mazuri anauza, ya kati anakula, yaliyoota kuvu anampa nguruwe. Sista akafumba macho.

Ni sumukuvu. Ile kuvu ya rangi ya waridi unayoiona kwenye gunzi ina sumu yake, na sumu hiyo inamdanganya jike. Mwili unaambiwa wakati wa mume umefika, kumbe haujafika. Anavimba bure, anapandishwa bure. Si tasa. Amedanganywa.

Nakutumia kopo. Ndani kuna unga mweupe. Ni bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, Sista anavipata kwa watu wa mifugo. Hivyo vinaivunja ile sumu vipande vipande mpaka inakuwa si sumu tena. Chambua mahindi, yaliyooza kabisa yatupe, hayana dawa. Yenye kuvu kidogo saga, weka kwenye ndoo na maji, tia kijiko cha unga, funika, acha mpaka kesho yake. Ndipo umpe.

Na wewe hayo mahindi usiyale, wala usiyapikie komoni. Kulewa hakuondoi sumu.

Dada yako,
Hilda

NB. Umeandika mistari mingi kuhusu kofia.

Kitandililo
17 Juni 2024

Dada,

Kopo nimelipokea. Kondakta alishalifungua, anadhani ni maziwa ya unga, nikamwambia lamba uone, akakataa.

Habari ya kofia sijui unasema nini. Nilikuwa naeleza ukungu.

Mahindi nimechambua siku nzima na Jackline wa jirani, habari tulizozimaliza siku hiyo zingejaza gunia lingine. Nikamwambia kuhusu wadudu wa masista. Akasema, "Mama Jastin, wadudu waue sumu, na wadudu atawaua nani?" Nikaona ana akili. Wote tunajua chakula cha nguruwe lazima kichemke, mama alitufundisha hivyo, usipochemsha anapata minyoo. Basi nikabandika sufuria kubwa, uji ulipotokota vizuri nikatia kijiko cha unga, nikakoroga kama natia chumvi. Ukapoa, nikampa. Amekula, amelamba na sufuria.

Hakuna kitu dada. Ni wiki sasa, nyanya ni ileile, ukuta ni uleule. Kwa hiyo jana nikatuma tena ng'ambo ya reli, ningefanyaje? Baba Eveline akaja. Safari hii ukungu ulikuwa umetanda mpaka tulipokuwa tunaongea hatuonani, sauti tu zinapita. Nikamuuliza umechoka? Sauti ikasema, "Meja ndiye amechoka." Nikacheka, na yeye akacheka, sijawahi kumsikia. Kicheko cha mtu usiyemwona kinakaa sikioni, sijui kwa nini. Mpaka sasa naosha vyombo nakisikia.

Mwambie Sista dawa yake haina nguvu.

Getruda

Njombe
21 Juni 2024

Getu,

Umewachemsha!

Nilipomsomea Sista alikaa chini kwenye ngazi, akacheka mpaka akatoa miwani. Wale ni viumbe hai. Umewatia kwenye maji yanayotokota halafu unasema hawana nguvu. Na wewe nikutie uone kama utakuwa na nguvu.

Sikiliza. Maji ya uvuguvugu tu, kama ya kumwogeshea mtoto. Na baada ya hapo wanataka joto lilelile mpaka asubuhi. Kwa baridi yetu hii wanazubaa, hawafanyi kazi, wanalala. Sista hapa anaweka ndoo nyuma ya tanuri la mkate. Wewe tafuta mahali pako penye joto.

Hilda

Kitandililo
14 Julai 2024

Dada yangu,

Penye joto nyumba hii ni mahali pamoja tu, na wewe unapajua. Jiko likizima saa mbili jioni, jikoni panakuwa kama kisimani. Nimejaribu kuifunika ndoo na magunia, asubuhi maji yamekuwa barafu ya kusimulia. Basi nimeipandisha kitandani.

Usicheke. Nimeifunga mfuniko, nimeizungushia kitenge na lile blanketi la marehemu, nikailaza upande wa ukutani, upande wake. Kwanza niliona aibu nikaigeuzia mgongo. Lakini ndoo ina joto lake dada, wadudu wakianza kazi inapata joto kama mtu. Halafu inasema. Puu, inanyamaza. Puu. Kama mtu anayetaka kuongea halafu anaahirisha. Treni ya Zambia inapita kule chini, kitanda kinatetemeka kidogo, ndoo inajibu puu. Nikawa sijui nimelala au bado.

Nikaota nimewaona. Wadogo kuliko vumbi, mashati meupe kama watoto wa komunyo ya kwanza, wamekaa safu kwa safu kwenye meza ndefu isiyo na mwisho, wanakula ile sumu. Sumu ina rangi ya waridi, wanaimega kama mkate. Wanaimba kwa sauti ndogo sana, wimbo naujua lakini maneno siyajui. Mmoja akaniambia, "Mama Jastin, kaa, nafasi ipo." Nikakaa. Pembeni yangu kuna mtu, sikuweza kugeuza shingo nimtazame. Nilijua tu yupo. Niliamka mkono uko juu ya ndoo.

Na imefanya kazi! Hiyo ndiyo habari. Chakula kinanuka uchachu mzuri kama togwa, Bibiarusi anakitaka kuliko kile cha zamani. Uvimbe umeshuka, umeisha kabisa. Analala mchana kutwa ubavu mmoja, anakoroma, ukimwita anafungua jicho moja. Mwambie Sista nampigia magoti. Sasa tusubiri joto la kweli lije lenyewe, si ndiyo? Basi tunasubiri.

Kwa hiyo getini kumetulia. Ukungu unakuja, unaondoka, hakuna anayetokea humo. Togwa nilipika kwa mazoea ikabidi ninywe peke yangu, nikampa na Jackline. Wala si kitu. Nakueleza tu ujue kila kitu.

Jastin kapiga simu kutoka Mafinga, mzima, mbao zinaenda.

Getruda

Kitandililo
4 Agosti 2024

Dada,

Kwanza nikupe furaha! Bibiarusi kaanza tena! Nyanya hiyooo, ukuta huooo! Nikasema joto la kweli ndilo hili, sikupoteza muda, nikatuma ng'ambo ya reli. Alhamisi akaja Baba Eveline na Meja. Kofia ni mpya, ya sufu, kijivu, imemkaa. Alipotokea kwenye ukungu nilidhani mtu mwingine, moyo ukaruka, kumbe ni yeye. Meja akapanda, tukakaa. Nikamwambia habari zote, za Oliva kugombana na shemeji yake kwa ajili ya mpaka wa shamba, za mchungaji wao anayeogopa bata, hiyo alicheka tena. Akanitengenezea na bawaba ya geti, hakuombwa. Eti linalia, anasema fundi hawezi kupita geti linalolia.

Ila dada sijui vizuri. Jumamosi uvimbe bado. Na leo bado. Labda si joto la kweli? Labda ni kwamba ndoo niliisahau nje siku kadhaa, baridi ikawapata wadudu. Nilisahau tu, mambo mengi. Jumatatu nadhani nitamwita tena, kuhakikisha.

Wewe goti lako vipi? Paka mafuta ya nguruwe.

Getruda

Njombe
9 Agosti 2024

Getruda,

Goti zuri.

Ndoo unayolala nayo kitanda kimoja, umeizungushia blanketi la mumeo, huwezi kuisahau nje. Mtu hasahau nje anacholala nacho. Uliitoa.

Sikugombezi. Nimefiwa na mimi, najua geti lililotulia. Lakini fikiria. Wewe unajua jike amedanganywa. Ezekieli hajui. Yeye anajua jambo moja tu, kwamba dume wake amepanda toka Kwaresima na hakuna kitu. Unadhani anajisemea nini akirudi na Meja njiani?

Na mnyama unamtesa. Sista anasema ikiendelea hivyo tumbo lake la uzazi litaharibika kabisa, hata wadudu wa Roma hawatamponya.

Mwambie mwenye kofia ukweli.

Hilda

Ng'ambo ya Reli, Makambako
20 Agosti 2024

Kwa Dada Hilda, Njombe.

Bwana asifiwe. Ni mimi Ezekieli, fundi, ulinijua zamani nikiwa mwanafunzi wa useremala. Nikiandika vibaya unisamehe, mkono wangu umezoea randa.

Nakuandikia wewe kwa sababu ni mkubwa wa Mama Jastin, na kwa sababu uso kwa uso naye siwezi. Dume wangu Meja ameshindwa. Nimemleta kwa jike wake mara nyingi mno. Watu wanacheka. Wenye majike watatu wamehamia kwa dume wa mtu mwingine. Kuna aliyeniambia sokoni, "Baba Eveline, huyo wako ni pambo, mfunge utepe." Nilivumilia.

Lakini kilichonishinda si watu. Ni yeye mama. Kila nikija ananipokea kama nimemletea kitu. Ananipa togwa, ananiongelesha, mtu mwenye mifugo isiyozaa. Hajawahi kunitamkia neno baya. Nikirudi nyumbani kwangu panakuwa kimya, najisikia mwizi, nimekunywa togwa ya mtu bila kazi. Siwezi tena kwenda kwenye geti lile na mnyama asiyefaa.

Jumamosi hii asubuhi namkabidhi Meja kwa Odilo wa kitimoto, pale yanapolala malori, amchinje. Naomba umwambie mama asitume tena mtu kuniita, dume hayupo. Na umwambie asante ya togwa.

Ezekieli Mgaya

Njombe
21 Agosti 2024

Getruda,

Soma ya Ezekieli, nimeifunga ndani ya hii. Nimempa kondakta mkononi nikamwambia ni habari ya mgonjwa.

Jumamosi, Getu.

H.

Kitandililo
25 Agosti 2024

Dada,

Sijui nianzie wapi, mimi ambaye sijawahi kukosa pa kuanzia.

Barua niliipata Ijumaa jioni. Ile ya Baba Eveline niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. "Kama nimemletea kitu." Dada, mtu mzima anatembea na mnyama wake kwenye baridi anajiita mwizi, na mimi mlangoni naangalia kofia.

Jumamosi sikungoja ukungu uondoke. Nikavuka reli. Sijawahi kufika kwake, nikawa nafuata harufu ya msonobari mbichi mpaka nikaona milango imeegemezwa ukutani, milango mingi, haina nyumba. Nikapita katikati ya milango kama ndotoni. Uani watu wamejaa, Odilo amekwisha kumshika Meja sikio, anambonyeza mgongo.

Nikasema, "Odilo, toa mkono kwa huyo dume!"

"Aa, Mama Jastin, umewahi kidari?"

"Hauzwi. Dume ni mzima. Jike wangu ndiye mwongo, na uongo nimemlisha mimi. Mahindi ya kuvu. Yanamvimbisha, anaonekana kwenye joto na hayupo kwenye joto. Hata ungemletea madume ya Njombe nzima asingezaa."

Watu wakaanza kuelewana kwa macho. Baba Eveline amesimama tu, kofia mkononi. Ningeishia hapo dada, pangetosha. Lakini Odilo mdomo wake unakata kuliko kisu chake.

"Ngoja kwanza. Kuvu ulikuwa unaijua?"

"Nilikuwa naijua."

"Dawa si unayo, ile ya masista? Jackline katangaza mtaa mzima unalala na ndoo."

"Ninayo."

"Jike si alipona mwezi wa saba?"

"Alipona."

"Na ukamrudishia kuvu?"

Nikanyamaza. Mimi, dada. Nikanyamaza mbele za watu. Odilo akamwachia Meja sikio, akapiga makofi: "Jamani! Basi aliyekuwa kwenye joto si nguruwe!"

Uani palilipuka. Mpaka Eveline, binti yake, alijificha nyuma ya mlango anacheka. Nami nilikuwa natafuta mlango wa kutokea, na ile milango yote haitokei kokote. Baba Eveline hakucheka. Alimtazama Meja muda mrefu, akasema, "Twende," akamrudisha bandani mwake. Sikuona hata jicho lake.

Nimerudi nyumbani. Miaka yote mimi ndiye ninayepeleka habari Kitandililo, leo habari ni mimi, na inakimbia vizuri, imefika sokoni kabla sijavua khanga.

Meja yuko hai. Hilo angalau.

Ndoo nimeirudisha kitandani.

Getruda

Kitandililo
6 Oktoba 2024

Dada,

Umenyamaza na mimi nimenyamaza, imekuwa kama tumegombana kumbe hapana.

Wadudu wa masista wamefanya kazi kila usiku, sijawahi kuwakosesha joto tena. Kuvu yote imetoka mwilini. Mwezi wa tisa joto la kweli likaja, nikalijua, halina kelele. Bibiarusi alisimama tu katikati ya banda, masikio juu, ametulia, kama mtu anayesikiliza gari linakuja mbali. Nilikaa siku nzima nafikiria nimtume nani na nimwambie nini. Mwisho nikatuma mtu aseme tu: jike yuko tayari, na safari hii ni kweli.

Asubuhi nikasimama mlangoni. Nikasikia miguu ya Meja kwenye majani. Nikangoja kikohozi. Ikatokea skafu nyekundu. Ni Eveline. Baba yake kamtuma. Msichana ana adabu, alikunywa togwa, akaangalia geti, akaniambia "halilii sasa." Nikasema halilii. Sikumuuliza habari za baba yake, na yeye hakunipa.

Siku za joto kurudi zimepita, halijarudi. Ana mimba dada. Tumbo bado lakini anatembea kwa uangalifu, anachagua pa kukanyaga. Usiku nalala namsikia ng'ambo ya ukuta anapumua, na ndoo upande huu, na mimi katikati. Sijui nani anamlinda nani.

Kwa hiyo nilichokitaka nimekipata. Jike hatahitaji dume mpaka mwakani. Watoto wakizaliwa Baba Eveline atachagua wake, labda atamtuma tena binti.

Watu wamechoka kunicheka, sasa wanacheka mtu mwingine, sina hamu hata ya kujua nani.

Getruda

Njombe
13 Oktoba 2024

Getu,

Nimefurahi kwa Bibiarusi. Sista kawagawia watoto wa shule maandazi.

Unasema nimenyamaza. Nilikuwa na barua nyingine za kujibu. Ezekieli ameniandikia mara mbili. Ya kwanza ilikuwa na hasira, fupi. Ya pili ndefu, na hasira haikuwemo. Alichoandika sikwambii, si habari yako ya kutangaza. Kuna swali aliniuliza, kwamba Mama Jastin alifanya yale kwa sababu gani hasa, maana Odilo ni mtu wa masihara. Nimemjibu kwamba mimi masikio yangu hayasikii, akaulize mwenyewe. Na kwamba Jumapili ukitoka misa huwa uko nyumbani.

Ni Mlutheri, najua. Si ugonjwa.

Hilda

Kitandililo
20 Oktoba 2024

Dada Hilda,

Amekuja. Ukungu haukuwepo, nilimwona toka mbali, mtu mzima, wote kwa mara moja, amevaa shati la ibadani. Hakuwa na mnyama.

Nikasema, "Baba Eveline, Meja yuko wapi?"

Akasema, "Meja hajaitwa. Na mimi sijaitwa. Nimekuja."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya gunia zima. Yote yalipotea. Nimempa kikombe na yuko hapo nje sasa hivi, mimi nimejifanya naingia ndani kutafuta sukari ili nikuandikie. Namsikia anavuta kigoda. Amevuta na cha pili.

Karatasi hii bado ina nafasi kubwa. Naiacha hivyohivyo.

Getruda